Timu Zetu Huvunjikia Julai

Kila dirisha kubwa la usajili likifunguliwa huwa nachukua karatasi na kuchora visanduku vitano: kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji, kiungo wa juu, mshambuliaji. Ndani ya kila kisanduku naandika jina la aliyecheza nafasi hiyo mechi nyingi msimu uliokwisha, kisha nasubiri. Akiondoka, jina nalikata kwa wino mwekundu. Anayeingia simwandiki mpaka Oktoba. Wenzangu wa kijiweni Kirumba, pale tunapokunywa kahawa huku upepo ukituletea harufu ya dagaa kutoka Mwaloni, hunicheka. Wao husherehekea picha za wageni walioshika jezi. Mmoja aliwahi kuniambia karatasi yangu ni ya msibani, maana inaorodhesha wanaotutoka tu.

Na iwe ya msibani. Hesabu hii nilifundishwa na Mbao FC mwaka 2017, na tangu hapo haijanidanganya.

Mbao, klabu ya wauza mbao wa hapa Mwanza, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016 katika mazingira ambayo hadi leo huzua ubishi. Katika kundi lake la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wakikimbizana kwa tofauti ya mabao. Siku ya mwisho Geita wakashinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa, Polisi Tabora wakashinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. Shirikisho la soka nchini likaona mabao hayo yananuka, likazishusha daraja timu zote nne, na Mbao waliokuwa nyuma yao wakajikuta Ligi Kuu. Watu wakasema watarudi walikotoka ndani ya miezi michache.

Kocha wao Mrundi, Etienne Ndayiragije, alikuwa na mawazo mengine. Jinsi nilivyoiona kutoka jukwaani, ile timu haikuwa na siri kubwa. Mistari miwili ya wanne ilisogea pamoja kama kokoro linavyovutwa, nafasi kati ya beki na kiungo ikawa finyu mno kwa fundi wa timu pinzani kugeuka na mpira. Wakiunyang'anya, pasi ya kwanza ilikwenda mbele. Aprili 30, 2017 waliitoa Yanga kwa bao 1-0 hapa CCM Kirumba, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mei 20 wakaifunga tena 1-0, siku ya mwisho ya ligi, siku ambayo Yanga walikuwa wakiubeba ubingwa wao wa tatu mfululizo. Wiki moja baadaye, Dodoma, waliipeleka Simba mpaka muda wa nyongeza kwenye fainali na kulala 2-1, bao la pili likiwa penalti ya Shiza Kichuya dakika za mwisho kabisa. Mwanza nzima ililala ikiwa na maumivu matamu.

Halafu Juni ikaingia. Nilichora visanduku vyangu kwa mara ya kwanza, nikidhani ni mchezo.

Kisanduku cha kipa kilikuwa na majina mawili, na yote mawili yakakatwa: Benedict Haule akaenda Azam, Emmanuel Mseja akaenda Simba. Beki wa kati Asante Kwasi, yule Mghana, akaenda Lipuli iliyokuwa ndiyo kwanza inapanda, na miezi michache baadaye Simba wakamchukua. Kiungo Salmin Hoza, Azam. Pius Buswita alitakiwa kiasi kwamba alisaini Simba na Yanga kwa wakati mmoja, akafungiwa kwa muda kabla ya kuvaa jezi ya Jangwani, yaani Yanga. Nje ya visanduku vyangu, beki wa kushoto Jamal Mwambeleko naye alishakwenda Msimbazi, kwa Simba.

Ukitazama Azam peke yao dirisha lile, utaona jinsi ziwa lilivyokaushwa. Haule na Hoza walitoka Mbao. Wazir Junior alitoka Toto Africans, ambayo ilikuwa imeshuka msimu huohuo. Mbaraka Yusuph alitoka Kagera Sugar. Klabu moja ya Chamazi, dirisha moja, wachezaji wanne kutoka timu tatu za mwambao wetu. Siwalaumu Azam. Mvuvi anayekuta samaki wako ufukweni bila mwenyewe atafanya nini?

Swali langu ni kwa mwenyewe: kwa nini samaki walikuwa ufukweni? Jibu liko kwenye mikataba. Timu iliyopanda haina uhakika kama itabaki, kwa hiyo huogopa kumfunga mchezaji miaka mitatu, ikampa mmoja. Mchezaji naye, asiye na uhakika wa mshahara wa Februari, hupenda ule mmoja. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita kuzungumza na klabu nyingine. Maana yake ni kwamba kijana wa mkataba wa mwaka mmoja huanza kuwa wa kila mtu tangu Januari, ndiyo kwanza ligi imefika katikati. Akicheza vizuri ndivyo anavyopotea. Mei anakufikisha fainali, Juni mkataba unakwisha, Julai anaondoka na begi lake na klabu haipati hata shilingi ya kununua mbadala.

Mbao hawakushuka mwaka uliofuata. Mfumo ulibaki kwa sababu kocha alibaki, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa kocha ni kisanduku cha sita. Ndayiragije alipoondoka mwaka 2018 kwenda KMC, kilichobaki ni jezi ya rangi ileile. Mwaka 2020 Wazir Junior, aliyekuwa amerudi ziwani, aliifungia Mbao mabao mengi, lakini mabao hayakutosha. Timu ikateremshwa na Ihefu kwenye mechi za mtoano, na Wazir akaenda Yanga. Alliance nao, wale wa shule, walishuka msimu huohuo, na jiji letu likabaki bila timu. Faraja ilikuwa Gwambina ya Misungwi, na hiyo ilikaa mwaka mmoja tu.

Kuhusu Alliance niseme neno moja la pembeni. Ni wao pekee hapa kwetu waliotengeneza wachezaji badala ya kuwaokota. Israel Mwenda alipita pale kabla ya kufika Simba na baadaye Yanga. Dickson Ambundo alitoka pale kwenda Gor Mahia ya Kenya. Klabu inayolea watoto ina haki ya fidia ya mafunzo na sehemu ya mshikamano wachezaji wake wanapouzwa nje ya nchi, na fedha hizo hudaiwa kwa karatasi: tarehe za usajili, umri, misimu. Katika klabu zetu nyingi karatasi hizo huwa kwenye mkoba wa katibu, na katibu akibadilishwa huondoka na mkoba wake.

Ng'ambo za ziwa hadithi ni ileile, kwa lafudhi tofauti. Biashara United ya Musoma ilimaliza ya nne msimu wa 2020/21. Kocha aliyeijenga, Mkenya Francis Baraza, alikuwa amekwishahamia Kagera Sugar kabla msimu haujaisha. Kwenye Kombe la Shirikisho Afrika waliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam, Oktoba 2021, kisha hawakufika Libya kwa marudiano. Safari iligonga mwamba kwenye ndege na vibali, wakatolewa bila kupigiwa hata shuti moja. Msimu huohuo wakashuka daraja. Nne bora mpaka kushuka ndani ya miezi kumi na miwili.

Geita Gold walikwenda polepole zaidi. Chini ya Fred Felix Minziro walishika nafasi ya nne msimu wa 2021/22, msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Mfungaji bora wa nchi anatoka Geita! Tulivuka Busisi kwa kivuko kwenda kuwaona na hatukujali foleni. Lakini safari yao ya Afrika iliishia raundi ya kwanza kwa Hilal Alsahil ya Sudan, Mpole akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi kabla msimu wa pili haujafika mbali, Minziro akaondoka mwaka 2023, na mwaka 2024 Geita wakashuka. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, Juni 2025, ukawa unavuka kwa dakika chache, lakini kule ng'ambo hapakuwa tena na mechi ya Ligi Kuu ya kuvukia.

Ndiyo maana Pamba ya hapa Mwanza ilipopanda Ligi Kuu, Aprili 2024, mimi sikurukaruka sana. Nilifurahi, ndiyo, wazee walilia pale Nyamagana na mimi nikapangusa kitu jichoni nikasingizia vumbi. TP Lindanda, kama tunavyowaita Pamba, walikuwa nje ya Ligi Kuu tangu 2001. Hii ndiyo timu iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990, iliyowalea kina George Masatu na Hussein Masha kabla Simba hawajawachukua na kufika nao fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Ukiangalia vizuri, hata enzi zile za dhahabu nyeupe, yaani zao la pamba, hesabu ya visanduku ilikuwepo. Tofauti ni kwamba Pamba ya wakati huo ilikuwa na viwanda, vyama vya ushirika na mitaa iliyojaa vijana nyuma yake, ikikatwa jina moja inaandika jingine.

Pamba hii ya sasa inaitwa Pamba Jiji, kwa sababu inabebwa na Halmashauri ya Jiji. Kikosi kilichoipandisha kilikuwa cha Mbwana Makata. Kiangazi kile cha 2024 kikafanyiwa kitu ambacho ningependa kukieleza kwa utaratibu, maana ndicho kiini cha safu hii.

Kwanza kocha. Aliletwa Goran Kopunović, Mserbia anayeijua ligi yetu. Aliwahi kuifundisha Simba na alikuwa ametoka Tabora United. Pili, kikosi. Waliingia wageni na wazoefu kwa makundi: Eric Okutu aliyekuwa Tabora, Mpole wetu yuleyule wa Geita, na wengine wengi kutoka nje ya mipaka. Kijiweni ilikuwa shangwe kila jioni. Kwenye karatasi yangu wino mwekundu ulikuwa umejaa ukurasa, maana waliotupandisha wengi walikuwa wameachwa au wamesogezwa benchi.

Hoja ya waliofanya hivyo naielewa. Ligi ya Championship, ile ya daraja la chini, na Ligi Kuu ni maji mawili tofauti. Mitumbwi ya kina kifupi haivuki kwenda Ukerewe. Lakini kuna kitu cha kiufundi ambacho hakinunuliki sokoni: mazoea. Beki wa kati akijua bila kugeuka kwamba kiungo mkabaji wake atashuka upande wa kulia, timu inaokoa nusu sekunde, na nusu sekunde ndiyo tofauti ya kuzuia shuti na kuokota mpira wavuni. Mazoea hayo hujengwa kwa mechi. Wiki sita za kambi hujenga mapafu, wala si zaidi.

Agosti 16, 2024 tukafungua na Tanzania Prisons, Kirumba imefurika. Sare, 0-0. Zikafuata sare nyingine. Nilichokiona ni timu ambayo nyuma ilikuwa sawa na mbele ilikuwa na watu wasiofahamiana. Ulinzi hufundishika haraka: simama hapa, sogea pale, usitoke kwenye mstari. Ushambuliaji unataka watu wawili wafikirie jambo moja kwa wakati mmoja, na hao wawili ndiyo kwanza walikutana Julai. Mpole alikimbilia nguzo ya karibu, krosi ikaenda ya mbali. Mechi iliyofuata kinyume chake. Mfungaji bora hageuki butu ndani ya miaka miwili. Aliyekuwa akimjulia mbio zake hakuja naye. Tulipokutana na Yanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Oktoba tukapigwa 4-0, na kabla mwezi haujaisha Goran alikuwa ameondoka bila kushinda hata mechi moja ya ligi.

Akaja Minziro. Mtu aliyepandisha timu nyingi huwa na tabia ya fundi baiskeli: hakuulizi ulinunua wapi, anashika spana. Aliishusha timu nyuma kidogo, akapunguza idadi ya pasi kabla ya kufika mbele, akacheza na watu walewale wiki baada ya wiki hata walipokosea. Ushindi wa kwanza ukaja. Simba walipofika Kirumba Novemba walitoka na bao moja tu, penalti ya Leonel Ateba, na mimi nilirudi nyumbani nimeridhika kuliko siku ile ya 0-0 ya ufunguzi. Mistari ilikuwa imeanza kusogea pamoja tena.

Kisha dirisha dogo, na hapa nawapa heshima yao waliosajili. Januari hawakuleta makundi. Walileta wachache wanaoijua ligi: Deus Kaseke, aliyepita Mbeya City na Yanga, mchezaji ambaye hakimbii sana siku hizi lakini hajawahi kusimama mahali pasipofaa. Na Habib Kyombo, ambaye watu wa Mwanza hatukuhitaji kuonyeshwa picha yake, kwa kuwa tulimjua akiwa kijana wa Mbao. Mwaka 2017 karatasi yangu ilikuwa imejaa waliokwenda. Miaka saba baadaye kijana mmoja wa Mbao akarudi kutuokoa. Pamba ikabaki Ligi Kuu. Kagera Sugar, iliyokaa humo karibu miaka ishirini, ikashuka pamoja na KenGold. Kuanzia Bukoba, kupita Geita, mpaka Musoma, timu ya Ligi Kuu iliyo mwambaoni ikabaki moja tu.

Kisha kikaja kiangazi cha 2025. Minziro akaondoka, na kisanduku cha sita kikakatwa tena. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu likatangazwa jina la Francis Baraza nikatulia kidogo: huyu ameijenga Biashara kule Musoma, akafanya kazi Kagera Sugar kule Bukoba, akapita Dodoma Jiji, ambayo nayo ni timu ya halmashauri. Anajua ziwa na anajua ofisi. Hilo la pili si dogo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mikataba ya wachezaji wengi huisha katika siku hizohizo. Mimi si mhasibu, lakini nina wasiwasi wa miaka mingi kwamba timu ya halmashauri hutakiwa kusajili katika wiki zilezile ambazo fungu la zamani limefungwa na jipya halijafunguliwa vizuri. Anayetaka kumbakisha mchezaji wake anapaswa kukaa naye mezani Februari, fedha zikiwa bado kwenye kitabu cha mwaka huo. Nilijiambia kwamba Baraza akiweza kuwasukuma wakubwa wake kwenye hilo moja tu, nitamsamehe hata sare kumi.

Kiangazi hicho wapinzani nao walikuwa na mambo yao. Yanga walimpoteza Stephane Aziz Ki aliyekwenda Wydad, wakamleta kocha Romain Folz, na wakafanya lile la kuwachoma Simba roho: wakamchukua Mohamed Hussein 'Tshabalala', nahodha aliyeonekana kama nguzo ya Msimbazi isiyong'oka. Simba walikuwa wamefika fainali ya Shirikisho Afrika mwezi Mei wakafungwa na Berkane. Azam walimleta kocha Florent Ibenge, na kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa usajili mkubwa kuliko wote wa kiangazi, kwa sababu kilikuwa kisanduku cha sita na kilikuwa na wino usiofutika haraka. Ukiwatazama wakubwa hawa utagundua kwamba nao hukatwa majina. Wanachotuzidi ni kwamba kwao likikatwa moja, manne yanabaki, na lile moja mara nyingi huacha fedha mezani.

Tatizo jingine la wapinzani wetu ni kwamba wanaishi nyumbani mwetu. Toto Africans walihesabiwa kuwa watoto wa Yanga na hawakuona haya. Yanga wakitua Kirumba, jukwaa zima la mzunguko hugeuka kijani na njano, na shemeji yangu, anayelipa ada ya tawi la Pamba kila mwezi, huketi upande wa wageni akisema yuko pale kwa ajili ya kivuli. Simba wakija ni zamu ya wengine. Nimewahi kuona mtu amevaa jezi mbili, ya Pamba juu, nyekundu chini, akisubiri bao la kwanza ajue avue ipi. Kijana anayecheza Pamba anakulia katika mji ambao hata mjomba wake anamwombea asajiliwe Dar es Salaam. Kumshawishi abaki mwaka wa tatu ni kazi ya benchi la ufundi, ya halmashauri, na ya mjomba.

Karatasi ya kiangazi hicho iko mezani wakati naandika, imekandamizwa na kikombe. Sitataja majina, kijiweni kuna watu wana midomo. Nitasema tu idadi: visanduku vitatu kati ya vitano havikuguswa na wino mwekundu. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimoja. Shemeji ameiona, ameguna, ameniuliza kama Yanga wakija nitaketi upande gani. Nimemwambia aniwekee nafasi kivulini.